James Chuma na Wenzake wa Safari

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 50:24-26; Kutoka 13:19; Yoshua 24:32; Mhubiri 4:9-12; Matendo 13:13; 15:36-40; 2 Timotheo 4:11.

Usiku ule Israeli walipotoka Misri kwa haraka, kila nyumba ilibeba kilichoweza kubebwa. Wengine walibeba unga ambao haujachachuka, wengine vyombo vya fedha na dhahabu. Musa alichukua mifupa ya Yusufu. Mifupa hiyo ilipita katikati ya bahari, ikazunguka jangwani miaka arobaini, ikavushwa Yordani na hatimaye ikazikwa Shekemu. Biblia haitaji jina la mtu hata mmoja kati ya wale walioibeba, wakipokezana begani vizazi viwili.

Katika ardhi ya Tanzania ulipita mzigo wa namna hiyo mwaka 1873 na 1874. Waliobeba wengi wao hawajulikani pia, lakini majina ya wachache yamesalia, na mmoja wao ni James Chuma. Wanafunzi wengi hulisikia jina lake shuleni likitajwa pamoja na la Susi, kwa sentensi moja, kisha mwalimu anaendelea. Maisha yake yanastahili zaidi ya sentensi moja, hasa kwa watu wanaofanya kazi ya Mungu kwa makundi: kwaya, timu ya uinjilisti, baraza la kanisa, vijana wa kambi.

Mtoto aliyekatwa kamba

Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa karibu na Ziwa Nyasa yapata mwaka 1850. Akiwa bado mtoto aliuzwa utumwani. Mwezi wa Julai 1861, msafara wa watumwa 84 ulikuwa ukishushwa kutoka nyanda za juu za Shire, katika nchi ambayo leo ni Malawi, watu wakiwa wamefungwa kamba na magogo shingoni. Katika kijiji cha Mbame ulikutana na David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie. Walinzi wakakimbia. Kamba zikakatwa, magogo yakapasuliwa yakawa kuni za kupikia, na Chuma akawa mmoja wa wale waliokula chakula kile.

Alilelewa katika misheni ya Magomero. Misheni ile haikudumu, kwa maana homa na njaa viliwaua watu wengi, na askofu mwenyewe alikufa mapema mwaka 1862. Mwaka 1864 Chuma akapanda meli ndogo ya Livingstone pamoja na kijana mwenzake wa Kiyao aliyeitwa Wikatani, wakavuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay. Huko walisomeshwa katika shule ya misheni ya Waskoti, na Desemba 1865 wakabatizwa. Hapo ndipo Chuma alipopewa jina la James.

Msafara uliopukutika

Machi 1866 Livingstone aliondoka Unguja na kushuka Mikindani kuanza safari yake ya mwisho. Alikuwa na watu 36: askari 13 kutoka India, wanaume 10 kutoka kisiwa cha Johanna huko Komoro, vijana 9 wa shule ya Nasik waliokombolewa utumwani, wanaume 2 kutoka Shupanga kwenye mto Zambezi, na Wayao 2, yaani Chuma na Wikatani. Mmoja wa wale wa Shupanga alikuwa Abdullah Susi, Mwislamu, aliyewahi kufanya kazi kwenye meli ya Livingstone.

Safari haikuwa hata na mwaka mmoja, kundi likaanza kupukutika. Askari walichoka wakarudishwa pwani. Karibu na Ziwa Nyasa Wikatani alikutana na ndugu zake, akaaga akabaki. Chuma naye alitaka kubaki, maana nchi ile ilikuwa ya kwao, lakini Livingstone alimshawishi aendelee. Kisha wale wa Johanna, wakiongozwa na mtu aliyeitwa Musa, walisikia habari za vita mbele yao wakageuka wote kwa pamoja. Walipofika pwani walidai mshahara wao na kueleza kwamba Livingstone ameuawa. Walisimulia kwa undani, na watu wengi wakaamini mpaka msafara wa kumtafuta ulipothibitisha kwamba ni uongo. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa, kwa sababu miaka saba baadaye kitaeleza jambo kubwa.

Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku la dawa. Kwa mtu anayetembea kwenye mabwawa bila kwinini, hilo lilikuwa kama hukumu.

Siku Chuma alipokataa

Wanaosimulia habari za Chuma kama mfano wa uaminifu hupenda kuuruka mwaka 1868. Si vema kuuruka. Mwezi wa Aprili mwaka huo Livingstone aliamua kwenda kusini kulitafuta Ziwa Bangweulu. Watu wake walikuwa wamechoka. Mahali walipokuwa kulikuwa na chakula, wanawake, na bangi, ambayo Livingstone aliilalamikia mara nyingi katika kumbukumbu zake. Wengi wakakataa kwenda. Waliokataa walikuwa pamoja na Susi na Chuma.

Chuma hakuwa mgeni asiyejua deni lake. Alikuwa ndiye aliyekatwa kamba, aliyesomeshwa, aliyebatizwa. Hata hivyo alibaki kijijini, na mzee mgonjwa akaondoka na watu wachache mno. Alilifikia ziwa lile, akarudi baada ya miezi kadhaa. Wale waliomwacha walipoomba kurudi kazini, aliwapokea. Aliandika kwamba hata yeye mwenyewe ana makosa yake. Hakuwawekea masharti wala hakuwatangaza.

Hapa inafaa kumfikiria Yohana Marko. Aliwaacha Paulo na Barnaba kule Pamfilia, na safari iliyofuata Paulo hakutaka hata kusikia jina lake. Mashindano yalikuwa makali hadi mitume wawili wakatengana. Lakini katika waraka wake wa mwisho, akiwa kifungoni, Paulo anamwomba Timotheo amlete Marko, kwa sababu anamfaa. Katikati ya maandiko hayo mawili kuna miaka mingi, na kuna Barnaba aliyekubali kuondoka na mtu aliyeshindwa.

Jadili: Katika kundi lenu la kazi, mtu aliyeacha kazi njiani akirudi hupewa nafasi gani? Je, hupewa kazi kamili, au hukalishwa kiti cha nyuma kwa muda usiojulikana? Kuna tofauti gani kati ya hekima ya Paulo na hekima ya Barnaba katika Matendo 15?

Jibu la Chuma lilikuja miaka miwili baadaye. Juni 1870, huko Manyema magharibi ya Ziwa Tanganyika, vijana wa Nasik waligoma karibu wote. Livingstone aliondoka kuelekea mto Lualaba akiwa na watu watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Wawili kati ya watatu hao walikuwa ndio waliomwacha mwaka 1868. Safari ile ilishindikana. Vidonda vya miguu vilimrudisha Livingstone kijijini Bambarre, akakaa ndani siku 80 asiweze kutembea. Wale watatu walikaa naye.

Usiku wa Chitambo

Henry Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, na baada ya kwenda pamoja hadi Unyanyembe, jirani na Tabora ya leo, Stanley alirudi pwani akamtumia wapagazi wapya. Walifika Agosti 1872, nao walikuwa 57. Miongoni mwao alikuwa Jacob Wainwright, kijana aliyesoma Nasik na kuandika Kiingereza vizuri. Wakati huo Chuma alikuwa ameoa. Mwanamke aliyeitwa Ntaoeka, aliyekuwa akisafiri na msafara, aliambiwa achague mume kati ya wanaume kadhaa, akamchagua yeye. Wanawake hawa hutajwa kwa nadra, lakini walitembea umbali ule ule, na baadhi yao walikufa njiani.

Walirudi kusini kwenye mabwawa ya Bangweulu. Mvua ilikuwa nyingi. Livingstone alikuwa akitoka damu kwa ugonjwa wa tumbo, na mwishoni alibebwa kwenye machela. Walifika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakamjengea kibanda. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 kijana aliyekuwa akimlinda alimwamsha Susi. Susi akamwita Chuma na wengine wachache. Waliingia wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa kikiwa mikononi juu ya mto. Walisubiri kidogo, wakidhani anaomba. Mmoja akamgusa shavu, nalo lilikuwa baridi.

Kufikia hapo safari ilikuwa imekwisha kihalali. Mwajiri alikuwa amekufa, na hakukuwa na mtu wa kuwashurutisha. Wangeweza kumzika pale, kugawana nguo na shanga, na kila mtu kushika njia yake. Badala yake Susi na Chuma waliwakusanya wenzao wote, wakafungua masanduku mbele ya macho ya kila mtu, na Jacob akaandika orodha ya kila kitu kilichomo. Kisha wakaulizana la kufanya. Wenzao wakawaambia Susi na Chuma kwamba wao ndio wazoefu wa safari, basi waongoze, na wote watawatii. Wakaamua kuubeba mwili hadi pwani.

Kwa nini? Livingstone hakuwa ameagiza hivyo kama Yusufu alivyowaapisha ndugu zake. Tena Mkristo anayeamini Maandiko anajua kwamba wafu hawajui neno lo lote (Mhubiri 9:5), na kwamba sauti ya Bwana haitashindwa kumfikia mtu aliyezikwa Ilala zaidi ya aliyezikwa London. Mwili wenyewe haukuhitaji safari ile. Sababu moja ni upendo, na hilo halina shaka. Sababu nyingine ni ile habari ya Musa wa Johanna: ushuhuda wa mdomo ulikuwa umeshaharibiwa na waongo. Watu wa Chuma wangefika Unguja bila mwili, nani angewaamini? Wangeshukiwa kwamba wamemtupa au wamemuua. Kwa hiyo katika uamuzi wao kulikuwa na upendo, na pia kulikuwa na hofu ya kuharibikiwa jina. Mioyo ya watu wa Mungu mara nyingi iko hivyo, na kazi njema haiwi bure kwa sababu tu mtendaji alifikiria pia heshima yake.

Walihofia kwamba Chitambo angewatoza faini kubwa kwa kifo katika nchi yake, wakajaribu kuficha. Chitambo alipojua hakukasirika, bali alikuja na watu wake kuomboleza. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, aliondoa moyo na matumbo, vikazikwa chini ya mti mkubwa huku Jacob akisoma ibada ya mazishi. Mwili ulitiwa chumvi na kukaushwa juani siku 14. Waliukunja magoti kupunguza urefu, wakauzungushia kaniki na gome la mti, kisha turubai la meli lililopakwa lami, wakaufunga kwenye mti wa kubebea. Jacob alichonga jina na tarehe kwenye ule mti mkubwa.

Njia ya kurudi

Siku tatu tu baada ya kuondoka, nusu ya msafara ilikuwa wagonjwa. Wanawake wawili walikufa. Susi mwenyewe hakuweza kusimama. Walikaa mahali pamoja kama mwezi mzima, na hakuna aliyependekeza wauache mzigo. Katika kijiji cha Chawende ugomvi wa ulevi uligeuka vita. Msafara ulikiteka kijiji kwa nguvu, na watu waliumia pande zote mbili. Jambo hilo haliwezi kufunikwa kwa sababu tu wabebaji walikuwa na nia njema. Mbele zaidi binti mdogo aliyeitwa Losi, akiwa amebeba mtungi wa maji kichwani, aliumwa na nyoka njiani akafa.

Oktoba waliposikia kwamba kuna Wazungu Unyanyembe, Chuma alitangulia na wenzake watatu akiwa na barua ya Jacob. Tarehe 20 alimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron alishauri wamzike papo hapo. Alikuwa na hoja nzuri: njia ya pwani ni ya hatari, na huenda marehemu mwenyewe angependa kulala Afrika alikozikwa mkewe. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na wao walikuwa wapagazi. Walimsikiliza, wakakataa. Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya Livingstone aendelee na safari yake. Mwili hakuupata.

Katika kijiji cha Kasekera, mashariki ya Unyanyembe, wenyeji walikataa maiti isipite. Hofu hiyo wasomaji wa Usukuma na Unyamwezi wanaielewa. Hata leo kumrudisha marehemu kutoka Mwanza hadi Nkoma kuna taratibu zake, ingawa sasa kuna gari na michango ya ndugu. Susi na Chuma walitangaza kwamba wameshindwa, wanaurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe. Wakakusanya mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo yakapata umbo la mtu, na watu sita wakaondoka nayo kwa huzuni mbele ya kijiji kizima. Walipofika porini wakatawanya mabua moja moja, wakarudi usiku kwa njia tofauti. Wakati huo mwili wa kweli ulikuwa umefungwa upya kama mtumba wa nguo wa kawaida, mzigo ambao hakuna mtu angeutazama mara mbili katika njia ile. Fikirini siri hiyo. Watu makumi kadhaa waliijua, na mmoja tu angeweza kuiuza kwa hongo ndogo kwa mkuu wa kijiji. Hakuna aliyefanya hivyo, kutoka Kasekera, kupitia Ugogo, hadi baharini.

Jadili: Udanganyifu wa Kasekera uliokoa amani na pia ulikuwa udanganyifu. Kundi lenu lingeamua vipi? Lipi ni gumu zaidi kwa timu: kubeba mzigo mzito pamoja, au kutunza siri pamoja?

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 1,600 kwa muda wa miezi tisa hivi. Chuma alivuka kwenda Unguja kutoa habari, na meli ya kivita ikaja kuchukua mwili. Wapagazi walilipwa mishahara yao na ofisi ya balozi, wakaachiliwa. Huo ndio uliokuwa mwisho wa shukrani rasmi siku ile. Meli iliyompeleka Livingstone kwao haikuwachukua Susi na Chuma. Jacob Wainwright pekee ndiye aliyesafiri, kwa nauli iliyolipwa na chama cha misheni, naye alikuwa kati ya washika jeneza Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Kabla ya mazishi madaktari London waliupima mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma, wakathibitisha kwamba kweli ni yeye. Kama kusingekuwa na mwili, kusingekuwa na uthibitisho.

Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, baada ya rafiki wa Livingstone, James Young, kuwalipia. Mazishi yalikuwa yameshapita. Hawakukaa kulalamika. Walikaa na Mchungaji Horace Waller, siku baada ya siku, wakimweleza majina ya mito, vijiji na watu yaliyokuwa kwenye daftari za marehemu. Sehemu ya mwisho ya kitabu chake, ile inayoeleza kifo na safari ya kurudi, ilitoka vinywani mwao. Chama cha Kijiografia cha London kilitengeneza medali za fedha kwa ajili ya wabebaji wapatao 60, lakini zilipofika Unguja wengi walikuwa wameshatawanyika katika misafara mingine.

Chuma alirudi kwenye kazi aliyoijua. Aliongoza misafara ya misheni ya Askofu Edward Steere kuelekea nchi ya Wayao, nchi ileile ambayo aliwahi kutaka kubaki. Mwaka 1879 aliongoza wapagazi wapatao 150 wa msafara wa Keith Johnston kuelekea maziwa makuu. Johnston alikufa Behobeho wiki chache baada ya kuanza, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwa ameongoza safari kamwe. Chuma alikuwa ameshawahi kuwa mahali hapo: kiongozi amekufa, njia iko mbele, watu wanatazamana. Safari iliendelea hadi Nyasa na Tanganyika, na karibu wapagazi wote wakarudi pwani wakiwa hai mwaka 1880.

Kifua kikuu kilimuua Unguja mwaka 1882, akiwa na miaka 32 hivi. Ilikuwa bado miaka 21 kabla ya Johannes Ehlers na A. C. Enns kufika Upare mwaka 1903 na ujumbe wa Waadventista. Jacob Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892. Susi, aliyekuwa Mwislamu miaka yote ile waliyotembea pamoja, aliomba ubatizo Unguja mwaka 1886, miaka minne baada ya mwenzake kufa, akapewa jina la David.